UZI: Saa tunayoikumbuka na saa iliyo kwenye video. Tunavyojifunza kumsaidia mtoto asiyelia, Bukavu

Mkunga wa Kadutu (mwenye uzi)

Jambo wote. Wakunga wenzangu, wauguzi, wanafunzi wa staji, na wazazi pia mnaopenda kusoma, karibuni. Naandika uzi huu mrefu kwa sababu ya dakika moja na sekunde hamsini na mbili.

Nina miaka kumi na minne materniti, na nimefundisha wengine namna ya kushika ambu, ule mfuko wa kuminya wenye barakoa, wa kumwingizia mtoto hewa. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye zoezi la mwanasesere wa kufundishia, mwanafunzi mmoja wa staji akaniomba ruhusa anirekodi kwa simu yake ili akajikumbushe nyumbani. Nikamwambia piga tu. Tukafanya kisa cha kawaida: mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, amezaliwa amechoka, amelegea, halii. Nilipomaliza, kabla hatujatazama chochote, nikaandika kwenye daftari kama ninavyoandika kila siku kwenye karatasi ya uzazi: "Ambu imeanza sekunde ya 30." Sikudanganya. Ndivyo nilivyokumbuka.

Tukatazama. Pumzi ya kwanza iliyoinua kifua cha yule mwanasesere ilikuja kwenye 1:52.

Tukarudisha nyuma, tukatafuta muda ulikwenda wapi. Kumkausha na kumsugua mgongo, sekunde 25. Hapo sina neno. Kisha nikachukua ile pampu ndogo ya kufyonzea, pengwini, nikafyonza mdomo, pua, tena mdomo, tena pua: 24. Katika kisa chetu maji ya uzazi yalikuwa safi, hapakuwa na kitu kilichoziba njia ya hewa. Nilifyonza kwa sababu mkono umezoea kufyonza. Kisha sekunde 31, na hizi ndizo zilizonitoa jasho: nimeinama kwenye droo nikitafuta barakoa ya ambu, namba 1, chini ya boksi la glovu, nimempa mtoto mgongo. Kwenye kumbukumbu yangu droo hiyo haipo kabisa. Bila video ningeapa kwamba sikuifungua. Halafu 12 nikimwambia mwanafunzi asogeze taa. Halafu 20 nikiminya ambu kwa hesabu nzuri kabisa, huku hewa yote ikitokea shavuni, kwa sababu kidole changu cha kati hakikushika taya. Kifua kimelala tuli. Mimi naminya, nahesabu, najiona nafanya kazi.

Jumla 112. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilianza kuwakumbuka watoto wa kweli.

Kwa wasio wa fani: watoto wengi hulia wenyewe. Kama mmoja katika kumi anahitaji kukaushwa na kusuguliwa ndipo aanze kupumua, na kama watano katika mia wanahitaji kuingiziwa hewa kwa ambu. Ni wachache sana wanaohitaji zaidi ya hapo. Hao watano wanahitaji hewa, na wanaihitaji mapema. Ndiyo maana kozi ya Helping Babies Breathe (kusaidia watoto wapumue), iliyoanza 2010, inafundisha Dakika ya Dhahabu: sekunde 60 zisiishe kabla mtoto hajalia au hajapewa hewa. Pale lopitali ya Haydom, Tanzania, watafiti walisimama kando ya uzazi wakihesabu muda, wakaripoti mwaka 2012 kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu, hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu hupanda kwa asilimia 16.

Na Haydom hiyohiyo ndiyo iliyotupa habari chungu ya 2013: kozi ya siku moja iliwafanya watu wawe wazuri kwenye mwanasesere, lakini kwenye uzazi wa kweli kazi yao haikubadilika. Someni tena sentensi hiyo. Ni sisi hao. Tunapewa cheti jioni, kesho yake mkono unarudi kule ulikozoea. Waliporudi na mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, ndipo vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1000.

Sasa video inaingia wapi? Mwaka 2000 lopitali moja ya San Diego, Marekani, walichapisha matokeo ya kanda 100 za kufufua watoto: katika 54 kulikuwa na jambo lililokwenda nje ya mwongozo. Hao wana mashine zote, wana madaktari wa watoto mlangoni. Kathmandu, Nepal, waliweka kamera juu ya meza, wakaona kufyonza na oksijeni vinatumika kupita kiasi. Leiden, Uholanzi, timu nzima hukaa pamoja kutazama kanda zao. Na msidhani ni mambo ya mbali tu: Chake Chake, Pemba, waliweka kamera kwenye meza ya kufufulia, wakaripoti 2022 kwamba inawezekana hata kwenye hospitali ya wilaya. Pemba ni watu wanaosema lugha yetu hii.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja: kumbukumbu ya mkunga kuhusu saa haiaminiki, hata mkunga akiwa mwaminifu. Hofu inameza sekunde. Tukiendelea kufundishana kwa kutegemea kile tunachokumbuka, tutakuwa tunasahihisha makosa ambayo hayakutokea na kuyaacha yaliyotokea.

Nieleze tunavyofanya sasa, maana ndipo faida ilipo.

Tunapiga zoezi la mwanasesere tu. Uzazi wa kweli hatujapiga hata mara moja. Simu imefungwa kwa mpira kwenye mti wa serumu, ile nguzo ya kutundikia dripu, inatazama chini: meza, mikono, mwanasesere, basi. Sura ya mtu haionekani. Saa ya ukutani tumeilaza kwenye kona ya meza ili iingie kwenye picha. Zoezi ni dakika tano, alhamisi, zamu inapopokezana, wanaotoka na wanaoingia wote wakiwepo. Kabla ya kutazama, aliyeshika ambu anaandika muda anaoukumbuka. Halafu tunatazama mara ya kwanza kimya, hakuna kusimamisha, hakuna kusema. Mara ya pili aliyeshika ambu ndiye anayeongea kwanza, na swali ni lilelile kila wiki: kifua kiliinuka lini? Hatuulizi nani alikosea. Tukishapata sekunde, tunatafuta zilikokwenda. Kisha kanda inafutwa palepale, wote wakiona inafutwa.

Jambo jingine tuliloliona: tukiogopa, mkono unakimbia. Hesabu ni pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na kila mmoja wetu anaijua kwa moyo. Kwenye video tulihesabu sekunde 15 za mwenzetu mmoja tukazidisha mara nne: 88. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, lakini sauti yenyewe ilikuwa inakimbia. Alipojisikia aliweka mkono mdomoni. Wiki iliyofuata alifika 48.

Na droo? Haina kazi tena. Barakoa namba 0 na namba 1 zinalala mezani juu ya kitambaa kando ya ambu kabla mama hajaanza kusukuma. Hiyo haikutoka kwenye kozi yoyote, ilitoka kwenye zile sekunde 31.

Nataka kusikia kwenu.

Staji Bagira

Mama, nakaa hapa nasoma pole pole. Sisi shuleni mtihani wa ambu ni kusema hatua kwa mdomo mbele ya mwalimu. Sijawahi kujiona nikifanya.

Docta wa Goma

Mama Mkunga, heshima. Nakubaliana na mengi, ila niweke mawili mezani.

La kwanza, vifaa. Nimezunguka vituo vya afya ambako ambu ipo moja na imepasuka, au barakoa ni ya mtu mzima. Ukimpiga video mkunga huyo utaona nini usichokijua tayari? Tusije tukaweka mzigo wa sekunde kwenye mabega ya mtu asiye na chombo.

La pili, ushahidi. Tafiti nyingi za video zinaeleza makosa yetu vizuri sana. Kuonyesha kwamba kutazama kanda kwenyewe kunapunguza vifo ni jambo gumu zaidi, kwa hiyo tuseme kwa kiasi. Na Kinshasa wamejaribu njia isiyo na picha kabisa: programu ya simu iitwayo Liveborn. Mtu mmoja anasimama pembeni ya uzazi wa kweli, anabonyeza mtoto analia, ambu imeanza, ambu imesimama. Baadaye timu inasoma mstari wa muda. Saa unaipata, sura ya mtu hakuna.

Mkunga wa Kadutu

Docta, asante sana, na la vifaa nalipokea kwa mikono miwili. Lakini hapo pia kanda imetusaidia. Miezi mingapi tumeandika ripoti kwamba barakoa namba 0 haitoshi, ripoti zikakaa? Tulipomwonyesha msimamizi wetu zoezi la mtoto njiti, mtu mzima anahangaika kubana barakoa kubwa kwenye uso mdogo hadi inafunika macho na kidevu, hakuuliza swali. Barakoa zilikuja.

La ushahidi ni kweli, ndiyo maana sikusema video inaokoa. Ninaloshikilia ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Video ni kioo cha mazoezi hayo. Hiyo Liveborn inahitaji mtu wa ziada pembeni. Usiku kwetu mtu wa ziada ni mama mzazi mwenyewe.

Muuguzi wa Ibanda

Mimi naandika nikiwa na kidonda. Lopitali niliyokuwa nafanya kazi zamani, sitaitaja, walianza jambo kama hili. Mara ya tatu, mkubwa mmoja akatuma kipande kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi na maneno "tazameni kazi ya watu wetu". Mikono tu ilionekana, lakini sote tuliijua ile mikono, pete tuliijua. Binti yule alikuwa na miezi minne kazini. Hakulia mbele yetu. Aliomba kuhamishwa, akaenda kwenye ofisi ya karatasi, na mpaka leo haingii chumba cha uzazi. Na alikuwa na mkono mwepesi wa kushika barakoa kuliko wengi wetu.

Kwa hiyo mnaponiambia video, mimi nauliza: simu ni ya nani? Nani ana neno la siri? Mkubwa akiidai, mtasemaje?

Mkunga wa Kadutu

Yaya, dada yangu, pole. Umeuliza swali ambalo sisi tulichelewa kuliuliza. Wiki ya kwanza tulitumia simu ya mwanafunzi, na nilipokuwa narudi nyumbani nikipanda mlima ndipo nilipofikiri: kanda hiyo iko mfukoni mwa mtoto wa watu. Nikarudi.

Sasa tuna simu moja ya zamani, haina laini, haiunganishwi na intaneti, inalala kwenye kabati la dawa. Mkubwa wetu alikubali kwa mdomo mbele ya wote kwamba hatazami kanda asipokuwepo kwenye zoezi, na akiwepo anashika ambu kama sisi. Alishika. Alichukua dakika mbili na sekunde kumi na nne. Tangu siku ile hakuna aliyeogopa kujitolea.

Huyo binti, kama mnaonana, mwambie kuna watu Kadutu wanaouliza habari zake.

Mwanasheria mchanga

Niongeze la sheria kidogo, maana Docta na Mama wamegusa uzazi wa kweli. Nchini kwetu kuna Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda data za watu, na habari za afya ziko kwenye kundi la data nyeti. Kanda ya mwanasesere haina mgonjwa ndani yake, hivyo mko mahali salama zaidi. Siku mtakapotaka kupiga mtoto wa kweli, ombeni kwanza kamati ya maadili. Na ruhusa ya mama isiombwe akiwa kwenye uchungu, mtu mwenye uchungu atakubali lolote ili mwondoke. Iombwe siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, ameketi, na akikataa ahudumiwe sawasawa na mwenzake.

Mama wa Watatu

Mimi si muganga. Nauza ndizi na samaki, nimeingia hapa kwa sababu dada yangu alinitumia uzi.

Mtoto wangu wa kwanza hakulia. Waliniambia "amechoka", wakampeleka kwenye meza ya kona, na mimi nilikuwa naona migongo tu. Migongo mitatu. Nilisikia chombo kinaanguka sakafuni. Nilikuwa nahesabu, sijui kwa nini, nilihesabu mpaka mia mbili na kitu halafu nikaacha. Hawakuniambia kitu mpaka asubuhi. Tulimzika bila kujua ni nini kilitokea nyuma ya migongo ile.

Mkiniuliza kama ningekubali kupigwa video: kama inakwenda kwenye simu za watu, hapana. Kama inakwenda kwa wale watatu wakakae, watazame, wajue chombo gani kilianguka na kwa nini, ningekubali. Ila na mimi mnielezee.

Mkunga wa Kadutu

Mama yangu, pole sana. Nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu.

Sina la kukuambia kuhusu usiku ule, sikuwepo. Ila neno lako la migongo limeingia kwenye zoezi letu. Alhamisi hii tulifanya kitu kipya: mmoja wetu alilala kwenye kitanda kama mzazi, na kazi ya mtu wa pili, akishaleta taa, ni kumgeukia mama na kusema kwa sauti: "Mama, mtoto hajapumua vizuri, tunampa hewa, niko hapa nitakuambia." Sekunde sita, nilizihesabu kwenye kanda. Hazikumchelewesha aliyeshika ambu hata kidogo. Miaka kumi na minne tulikuwa tunasema hatuna muda wa kuongea na mama.

Staji Bagira

Mama wa Watatu, pole mama.

Fundi Lubumbashi

Huku Lubumbashi mke wangu ni muuguzi. Swali la fundi: taa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi video inakuwa giza tupu. Mnafanyaje?

Mkunga wa Kadutu

Kaka, tunaacha giza. SNEL, wale wa umeme, haitupi taarifa kabla ya uzazi pia. Sauti inabaki, na tuligundua kwamba gizani tunapoteza muda mwingi kutafuta tochi. Sasa tochi ya kichwani inaning'inia kwenye ule mti wa serumu.

Mkunga wa Idjwi

Yaya wa Kadutu, mimi niko kisiwani, kituo kidogo. Usiku niko peke yangu na mlinzi. Mwanasesere sina, na hiyo simu ya pili sina. Uzi wenu ni mzuri lakini ni wa watu walio wengi.

Mkunga wa Kadutu

Mdogo wangu, uzi huu wako zaidi kuliko wetu, maana sisi tukikosea kuna wa kutusukuma.

Chukua kitenge, kikunje umbo la mtoto, funga kichwa kwa uzi. Kifua hakitainuka, hilo hutalipata, na bila kifua hutajua kama barakoa imeshika. Jambo hilo subiri hadi utakapokuja mjini tushike mwanasesere pamoja. Lakini muda utaupata wote. Simu yako iegemeze kwenye chupa, piga, kisha jifanye umepokea mtoto kitandani: kata kitovu, beba hadi mezani, kausha, weka kichwa sawa, barakoa usoni, minya. Andika muda unaoukumbuka. Tazama. Futa. Usitazame mara moja tu, mara ya kwanza utajitazama mwenyewe. Mara ya pili ndipo utaitazama kazi.

Mlinzi mfundishe kitu kimoja tu: ukimwita, aingie na taa na asimame upande wa kichwa.

Mkunga wa Idjwi

Nimefanya jana saa kumi jioni, kituo kikiwa kitupu. Niliandika sekunde 50. Video inasema dakika mbili na sekunde 40.

Nilitazama mara mbili kama ulivyosema. Ambu yetu inafungiwa kwenye kabati kwa sababu ya wizi, na ufunguo uko kwenye mkoba wa muuguzi mkuu, ofisini. Naonekana natoka kwenye picha, meza inabaki na kitenge peke yake, muda mrefu, halafu narudi nikihema. Nimepita njia hiyo usiku mara ngapi, na sikuwahi kuiona.

Leo asubuhi nilimwonyesha muuguzi mkuu. Aliomba nirudishe pale ambapo meza iko tupu. Kisha akatoa ufunguo kwenye mkoba, akaomba nyundo kwa mlinzi. Unaning'inia kwenye msumari, juu ya meza, upande wa kulia.